Maili milioni 10: lakini nani alilipa?



Siku ya posho iliyopita tulikaa na vijana wa promosio ya mwisho kuangalia filimu Up in the Air. Wengine wenu mnaijua kwa jina la ku Ufaransa, In the Air. Ni filimu ya mwaka 2009, ya Jason Reitman, na George Clooney njo anacheza mutu mukubwa wa hadisi. Ilipoisha, nilikuwa nangojea maulizo juu ya kazi, juu ya upweke, juu ya ule mwisho wake unaouma. Ulizo la kwanza lilitoka kwa kijana mmoja wa ekonomia: "Yaya, ile karte yake, bantu banaipataka namna gani?"

Tulicheka wote. Lakini nilirudi nyumbani na lile ulizo mu kichwa, na kisha siku mbili nikaona kwamba kijana hakukosea. Alishika kitu ambacho filimu yenyewe inakipenda kuliko vyote. Kwa hiyo leo nataka kuisoma filimu kupitia karte.

Kwa wale hawajaiona: Ryan Bingham anatumika mu kompani moja ya Omaha. Kazi yake ni kufukuza watu. Kompani zingine zinaogopa kuwaambia wafanyakazi wao uso kwa uso kwamba kazi imeisha, basi zinamulipa boss wa Bingham, naye anamutuma Bingham. Anapanda ndege, anaingia mu biro, anakaa mbele ya mutu ambaye hajawahi kumuona, anamwambia habari mbaya, anamupa bahasha, anaenda zake. Mu mwaka mmoja alisafiri siku 322. Hana bibi, hana mutoto, na nyumba yake iko tupu kama chumba cha hoteli. Kitu anachotamani ni kimoja: kufikisha maili milioni 10 mu konti yake ya ndege. Mbele yake waliofika ni watu 6 tu. Ukifika, jina lako linaandikwa ubavuni mwa ndege, na rubani mukubwa anakuja kukusalimia. Mwenyewe anasema hatoe hata senti kama haimuletei maili.

Reitman anajua kuangalia vitu, na hapo lazima tumupe haki yake. Angalia namna Bingham anapanga valize: mikono haikosei hata mara moja. Angalia namna anapita kando ya mulongo wa watu waliochoka, anatoa karte, na dada wa ku mapokezi anamuita kwa jina na tabasamu. Angalia hasa usiku ule mu baa ya hoteli, yeye na Alex, mwanamuke anayesafiri sawa yeye. Wanatupa makarte yao juu ya meza moja moja, ya ndege, ya hoteli, ya gari za kupanga, kila mutu anapima uzito wa karte ya mwenzake. Mapendo yao yanaanzia pale. Tunacheka, na tukiwa tunacheka tunaanza kutamani. Kijana wetu wa ekonomia alitamani kwa sababu filimu ilitaka atamani.

Kisha filimu inageuka na kutoa hukumu. Bingham anafika maili milioni 10 akiwa mu anga ya Dubuque, mu Iowa. Rubani anakuja kweli, mzee wa mvi, anakaa karibu yake, anamuuliza anatoka wapi. Bingham anamujibu kwamba anatoka pale pale, mu ndege. Wakati ule amekwisha kujua kwamba Alex iko na bwana na watoto. Yaani: umekusanya vyote, na hauna mutu wa kumwambia. Hilo njo somo, na wengi walilisifu. Filimu ilipata nafasi 6 mu orodha ya Oscar, hata kama haikushinda hata moja.

Mimi nasema somo lile ni la kweli, lakini ni la bei rahisi. Linatuonyesha kwamba bei ya zile maili ni upweke, na aliyeilipa ni Bingham mwenyewe. Tunamuonea huruma. Tukiisha kumuonea huruma, tunasahau kufungua kitabu cha hesabu.

Tukifungue basi. Tikiti ya Bingham, nani analipa? Kompani yake. Kompani inatosha wapi feza? Kwa kompani zinazofukuza wafanyakazi. Na zile zinafukuza juu gani? Juu zinataka kupunguza mishahara. Kwa hiyo feza iliyonunua tikiti ilitoka mu mushahara wa yule yule mutu anayelia mbele ya meza. Kompani inalipa, lakini maili zinaingia mu konti ya Bingham, kwa jina lake. Hazikodishwi, wala hazigawanywi na mutu. Ukizisoma vile, maili milioni 10 ni hesabu ya vichwa. Kila tikiti ina bahasha yake na mutu wake.

Filimu iko na ushahidi wote huo mu mikono, na hausomi. Wengi kati ya wale tunaowaona wakifukuzwa si wachezaji: ni watu wa kweli wa St. Louis na Detroit waliopoteza kazi wakati wa ile krizi, na Reitman aliwaomba waseme mbele ya kamera walichosema siku ile. Nyuso zao ndizo zina nguvu kuliko kitu kingine mu filimu. Lakini zinafanywa nini? Mwishoni wanarudi kutuambia kwamba familia njo iliwashikilia. Ni maneno mazuri, na siyakatai. Ila ulizo la feza linafungwa pale, kwa mapendo.

Kuna tena ile sene ya Bob, ambaye J. K. Simmons anamucheza. Bob anatosha picha za watoto wake na kuuliza atawaambia nini. Bingham anaangalia sivi yake, anaona kwamba zamani alijifunza kupika chakula cha Kifaransa, anamuuliza walimulipa ngapi ili aache ndoto yake. Bob ananyamaza, karibu anashukuru. Sisi tuliomaliza masomo tumesikia hiyo mahubiri mara ngapi? "Kukosa kazi ni nafasi, fuata ndoto yako." Anayehubiri anaondoka na maili zake. Bob anabaki na picha za watoto.

Hapa Katanga tungepaswa kuiona sene hiyo kwa macho yetu. Mwaka 2003 Gécamines ilianza mupango wa "départs volontaires" kwa feza ya Banki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka. Mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni familia ngapi zinahesabu miaka yao tangu ile barua? Wale waliokuja kupanga hesabu walisafiri pia kwa ndege. Sijui kama walikuwa na karte ya maili, na sitasema kitu nisichokijua. Nasema tu kwamba mutoto wa mufanyakazi wa zamani, akiangalia Bingham, ana haki ya kuuliza ulizo ambalo filimu haikuuliza.

Sasa turudi kwa karte, maana kijana anangojea jibu.

Mwanzo wa mambo haya ni mu Marekani. American Airlines ilianzisha AAdvantage mwaka 1981: unaruka, unahesabiwa maili ulizoruka. Mwaka 1987 ikatoka karte ya kredi ya banki yenye jina la ndege ile, na hapo mambo yakageuka. Hauhitaji tena kuruka. Unanunua mukate, unapata maili. Unalipa esansi, unapata maili. Filimu ilitoka mu roman ya Walter Kirn ya mwaka 2001, na mu roman Bingham anatafuta maili milioni 1. Miaka 8 kisha, ku sinema, milioni 1 haitoshi tena kumushangaza mutu, wanaandika milioni 10. Hata hadisi zinaonja upunguvu wa pointi! Kisha, mwaka 2015 Delta na United, na 2016 American, zikaacha kuhesabu urefu wa safari: sasa zinahesabu dola ulizotoa. Tangu 2022, ku American, hata cheo chenyewe, ile daraja ya kupita kando ya mulongo, unaweza kukifikia kwa kutumia karte. Bingham wa leo angeweza kukaa nyumbani Omaha akinunua vitu.

Feza ya pointi inatoka wapi? Ukilipa dola 100 kwa karte mu duka la Marekani, mwenye duka hapokei 100. Wanamukata karibu 2, mara zaidi, na sehemu kubwa inaenda ku banki iliyotoa karte. Banki inatosha kidogo mu ile, pamoja na riba ya wale wenye deni, inanunua maili ku kompani ya ndege, inakugawia. Mwenye duka si mujinga, anapandisha bei. Lakini anaipandisha kwa kila mutu, hata kwa yule anayelipa kwa noti mu mukono. Ulaya waliona hilo, na mwaka 2015 wakaweka kipimo: kwa karte ya kredi ya mutu wa kawaida, ile sehemu ya banki isipite 0.3 kwa mia. Ndiyo maana pointi za kule ni nyembamba. Marekani iliweka kipimo kwa karte za debi za mabanki makubwa, kwa sheria ya 2010. Karte za kredi ziliachwa.

Sisi tunajua likelemba. Watu 10, kila mwezi kila mutu anatia, kila mwezi mumoja anakula. Nguvu ya likelemba ni kwamba unaona nyuso. Unajua nani alitia, nani anangojea zamu, na mutu akikula bila kutia, mama wote wanamukuta ku mulango wake. Sasa fikiri likelemba ambamo watu 10 wanatia lakini 4 tu ndio wanakula, kila mwezi wale wale 4, na wale 6 hawajui hata kwamba wameingia mu likelemba. Njo hiyo pointi. Mwaka 2010 wachumi watatu wa banki ya Federal Reserve ya Boston walipiga hesabu: kwa wastani, kila nyumba ya Marekani inayolipa kwa kesh ilikuwa inawapa wenye karte dola 149 kwa mwaka, na kila nyumba yenye karte ilikuwa inapokea dola 1,133. Na kwa jumla feza ilikuwa inapanda kutoka kwa masikini kwenda kwa matajiri.

Nani analipa kwa kesh mu nchi ile? Mutu ambaye banki haimuamini bado. Yule aliyefika juzi. Wengi wetu tuko na ndugu kama huyo.

Mudogo wangu mmoja, mutoto wa mama mudogo, anaishi Louisville. Anatumika usiku mu depo ya mizigo. Walimuahidia pointi 60,000 kama atatumia dola 4,000 mu miezi 3, naye akanitumia sauti ku WhatsApp, anafurahi sana: "Yaya, nakuja kuwaona na pointi!" Alinunua vitu ambavyo hakuvihitaji ili afike ku 4,000. Alilipa 1,500. Zikabaki 2,500, na riba yake ilikuwa 24 kwa mia kwa mwaka. Pigeni hesabu pamoja nami: ni dola 50 kila mwezi. Kwa karibu mwaka mzima hakuweza kulipa zaidi ya ile riba. 50 mara 12 ni 600. Na pointi 60,000, kwa kadiri ya kawaida ya senti 1 kwa pointi moja, ni dola 600. Banki ilimupa kwa mukono wa kuume na kumunyanganya kwa mukono wa kushoto, bila kukosea hata dola moja. Tikiti ya kufika hapa inapita mbali dola 600. Hakuja. Mama mudogo alitandika kitanda, akakitandua.

Sikueleza hii ili mumucheke. Ni mutu wa akili, iko na diplome yake ya jeta sawa nyinyi. Nimeieleza juu mu filimu hakuna mutu kama yeye. Mu Up in the Air karte iko paka mu mikono ya watu wanaolipiwa na kompani. Hatuoni hata mara moja bili ya mwisho wa mwezi. Nembo za American Airlines, Hilton na Hertz zinang'aa mu filimu yote, na mimi naona ni vigumu kuweka mwangaza mzuri vile juu ya kitu na wakati ule ule kuuliza kinatoka wapi.

Mutu ataniambia: lakini kuna wanaojua kucheza. Ni kweli, na nisifiche. Ukilipa deni lote kila mwezi, riba haikugusi, na pointi ni zawadi. Kuna injinia mmoja wa California ambaye mwaka 1999 alisoma vizuri tangazo la chakula, akaona kwamba vikopo vidogo vya pudini vinatoa maili zenye bei kubwa kuliko pudini yenyewe. Alinunua zaidi ya 12,000 kwa dola 3,140, akapata maili zaidi ya milioni 1, na pudini akawaachia watu wa Salvation Army, nao wakamusaidia kubandua vile vikaratasi. Paul Thomas Anderson alitosha mu habari hiyo filimu Punch-Drunk Love, ya 2002. Ninaipenda ile kuliko ya Reitman, juu ya kitu kimoja: Barry Egan, yule wa pudini, anatafuta maili ili amufuate mwanamuke anayemupenda, na siku anazihitaji anaambiwa angoje wiki 6 mpaka 8. Anasafiri kwa feza yake. Filimu ile ndogo ilielewa kwamba maili ni ahadi, na ahadi iko mu mikono ya yule aliyeitoa. Kompani inaweza kuamka asubuhi na kupandisha bei ya tikiti kwa pointi, na hauna pa kushitaki: mu mukataba wameandika kwamba pointi si mali yako. Lakini kwao wenyewe ni mali kweli kweli. Mwaka 2020, wakati ndege zilikuwa zimelala juu ya korona, Delta iliweka mupango wake wa maili kuwa rehani, ikakopa dola miliari 9.

Kwa hiyo kwa kijana wa ekonomia jibu langu ni hili. Karte ile wanaipata watu ambao tayari wako na feza, na wanaitumia vizuri wale wanaoweza kuishi bila yo. Siku moja ukienda ku nchi zile, ukaipata, usione haya kuitumia. Nunua tu kile ungenunua kwa noti, lipa yote mbele ya tarehe, na usiweke akiba mu pointi. Lakini usije kutuambia kwamba ulisafiri bule. Kuna mutu alitia mu ile likelemba.

Na kwa filimu, nabaki na sene moja ambayo siwezi kuisahau. Karibu na mwisho Bingham anapiga simu ku kompani ya ndege. Dada yake mudogo, Julie, ameolewa, na hawana feza ya honimuni. Bingham anaomba wawahamishie maili, yeye na bwana yake, za kuzunguka dunia. Watu wanalia hapo, na mimi nililia mara ya kwanza. Ni kitendo kizuri peke anachofanya na maili zake. Mara ya pili niliangalia nikiwa nafikiri Bob na picha za watoto wake. Julie atazunguka dunia kwa bahasha za Bob. Hakuna mutu atamwambia, na filimu nayo haikumwambia Bingham.

Wale waliokuwa nasi siku ya posho, na wale walioiona kwao, leteni hoja. Kama nimemuonea Reitman, munirekebishe. Lakini anayenijibu aanze na ulizo moja: ile tikiti ya kwanza, nani alilipa?